Shabu, chuma na povu: jinsi ioni za metali zinavyotoa sabuni kwenye maji

Aliyewahi kufua kwa maji ya kisima cha pwani anaijua adha yake. Unasugua sabuni ya mche, unasugua tena, povu halitoki. Badala yake unatanda utando wa kijivujivu juu ya beseni, unang'ang'ania nguo na kingo za chombo. Tunasema maji yana chumvi, na ni kweli, ila mkosaji mkubwa si chumvi ya mezani. Ni kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kutoka kwenye mawe ya matumbawe na chokaa. Ioni moja ya kalsiamu, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, hukamata molekuli mbili za sabuni, na kinachopatikana hakiyeyuki tena. Sabuni imeshatoka kwenye maji kabla haijaigusa nguo.

Naanza na adha hiyo kwa sababu ndani yake mna kanuni nzima ya kusafisha maji ya sabuni kwa metali. Kinachomuudhi anayefua ndicho hasa anachokitafuta fundi wa mtambo wa majitaka: kitu kilichoyeyuka, kisichochujika kwa kitambaa wala kwa mchanga, kinageuka kuwa kigumu na kinaweza kuenguliwa au kuachwa kituame. Swali ni kwa nini kalsiamu, iliyojaa ardhini bure, haitoshi kwa sabuni tunazotumia leo. Na kama haitoshi, metali gani itatosha, na tutalipa nini?

Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Mkia ni mrefu, wa kaboni na haidrojeni, unapenda mafuta na kuyakimbia maji. Kichwa kinapenda maji, na kwa sabuni ya mche pamoja na sehemu kubwa ya sabuni za unga, kichwa hicho kina chaji hasi. Molekuli za namna hii wanakemia huziita sefaktanti. Metali nayo ikiyeyuka majini huwa imepoteza elektroni, kwa hiyo inabaki na chaji chanya: sodiamu moja, kalsiamu na magnesiamu mbili, alumini tatu, chuma mbili au tatu kutegemea hali yake. Chanya na hasi huvutana, na mvuto unazidi kadiri chaji inavyoongezeka. Sodiamu inashika kwa ulegevu, ndiyo maana sabuni ya sodiamu inayeyuka na kufua vizuri. Kalsiamu inashika kwa nguvu, nayo inaua povu.

Katikati ya karne ya 20 viwanda vilipata njia ya kuikwepa kalsiamu. Kwanza vilibadilisha kichwa cha molekuli. Badala ya kile cha sabuni ya kale vikaweka cha sulfonati au sulfati, ambacho kalsiamu haikiangushi kwa urahisi. Kisha vikaongeza fosfati, yaani chumvi za fosforasi, hasa sodiamu tripolifosfati, ambayo kazi yake ni kuizingira kalsiamu na magnesiamu zisiisumbue sabuni. Tide, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1946, ilifungua njia kwa sabuni za unga za aina hiyo. (Magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya, yanayochimbwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia, hulainisha maji kwa njia nyingine: huigeuza kalsiamu kuwa unga wa chokaa unaotuama chini.)

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mfuaji alifurahi, lakini maji aliyoyamwaga yalibeba vitu viwili vilivyobuniwa kwa makusudi visishindwe na metali zilizomo kwenye maji ya kawaida. Kimoja ni sefaktanti mpya, kingine ni fosfati. Madhara yao ni tofauti, na dawa zao pia, ingawa mara nyingi vinazungumzwa kama kitu kimoja.

Sefaktanti ilionekana kwanza, kwa macho. Zile za miaka ya 1950 zilikuwa na mkia wenye matawi ambao bakteria hawakuweza kuukata, na mito ya Ulaya na Marekani ikafunikwa na povu. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961 kudai sabuni zinazooza. Viwanda vya Marekani vilikamilisha mwaka 1965 kuhamia molekuli yenye mkia ulionyooka, inayojulikana kwa kifupi kama LAS, ambayo mpaka leo imo ndani ya pakiti nyingi za sabuni ya unga. Palipo na oksijeni, bakteria huivunja LAS vizuri. Pasipo na oksijeni, kama ndani ya shimo la majitaka la nyumbani, kazi hiyo karibu isimame. Jambo hili lina uzito kwa miji yetu, ambako nyumba nyingi zinategemea mashimo na hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka.

Fosfati haina povu wala harufu, ila hulisha mwani, na ndiyo iliyoleta mabishano makali zaidi. Katika miaka ya 1960 Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, lilijaa mwani kiasi kwamba magazeti yaliandika kuwa limekufa. Viwanda vya sabuni vilidai kosa si la fosfati, pengine ni la kaboni. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake, kwenye maziwa ya majaribio huko Ontario, Kanada, walifunga pazia la plastiki katikati ya ziwa dogo, Ziwa namba 226. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani, wa pili ukabaki kama ulivyokuwa, na picha iliyopigwa kutoka angani ilifanya kazi ambayo ripoti nyingi hazikuweza kuifanya.

Basi tuje kwenye metali zenyewe. Kalsiamu ikishindwa, tunapanda ngazi hadi kwenye chaji tatu: alumini na chuma. Ngazi hiyo moja ina maana kubwa kuliko inavyosikika. Kwa chembe za uchafu zinazoelea majini zikiwa na chaji hasi, kuna kanuni iliyotokana na kazi za wanasayansi wawili, Schulze mwaka 1882 na Hardy mwaka 1900. Kwa makadirio yake, ukihitaji kipimo 1 cha ioni yenye chaji tatu ili kuzishikamanisha, utahitaji kama vipimo 11 vya ioni yenye chaji mbili, na kama 729 vya ile yenye chaji moja. Ndiyo maana kipande kidogo cha shabu kinatakasa ndoo nzima ya maji ya tope, wakati chumvi ya jikoni ungeimwaga kwa vibaba na bado usione kitu. Shabu ni chumvi ya alumini.

Ukitia shabu kwenye maji, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, ioni za alumini hukutana na fosfati na kuungana nayo, ioni moja kwa fosfati moja, zikawa alumini fosfati isiyoyeyuka. Kwa hesabu ya uzito, gramu 31 za fosforasi zinahitaji gramu 27 za alumini, au gramu 56 za chuma. La pili, alumini iliyobaki huungana na maji yenyewe na kuwa alumini haidroksidi, mabonge mepesi meupe yanayoelea, yanakua, kisha yanashuka taratibu. Mabonge hayo yakishuka yanakwenda na kila yalichokikuta njiani, kama wavu wa dagaa unavyozoa hata usichokusudia: udongo, mafuta, fosfati iliyofungamana na chembe nyingine, na sehemu ya sefaktanti.

Kila mara alumini inapogeuka haidroksidi, inaacha asidi nyuma yake. Miligramu moja ya shabu ya kiwandani (alumini sulfati) hula takriban nusu miligramu ya uwezo wa maji kuhimili asidi. Maji yakiwa na uwezo mdogo mno wa namna hiyo, asidi hupanda, na mabonge hayaundiki. Alumini hufanya kazi vizuri pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ikiwa kati ya 6 na 7 hivi. Chini ya hapo inabaki imeyeyuka, na juu ya 9 inayeyuka tena kwa sura nyingine. Chuma kina uvumilivu zaidi kwa upande wa mabonge, na hii ni moja ya sababu za mitambo mingi ya majitaka kukipendelea.

Maji ya kufulia kwa sabuni ya unga yana kioja chake hapa. Sabuni hizo huwa na sodiamu kaboneti, na maji yake mara nyingi hufika pH 10. Chukua glasi ya maji hayo, tia shabu iliyosagwa, na utaona yakichemka kwa vipovu vidogo. Hiyo ni kaboni dayoksaidi inayotoka asidi ya shabu inapokutana na kaboneti. Vipovu vikikoma ndipo wingu jeupe linapoanza kushika. Fanya vivyo hivyo kwa glasi ya maji ya sabuni ya mche, na badala ya wingu utapata mabonge kama maziwa yaliyokatika, karibu papo hapo, na povu litakufa. Glasi ya sabuni ya unga itabaki na povu kidogo hata baada ya wingu kutua. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya sabuni ya kale na sefaktanti ya kisasa.

Tubaki kwanza na fosfati, maana hapo metali zimeshinda kwa ushahidi. Mkataba wa Marekani na Kanada wa mwaka 1972 kuhusu ubora wa maji ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini uliitaka mitambo mikubwa ya majitaka inayomwaga kwenye maziwa ya Erie na Ontario ifikishe fosforasi chini ya miligramu 1 kwa lita. Njia iliyotumika zaidi ilikuwa kutia chumvi za chuma au alumini. Mtambo wa Milwaukee, mji wa Marekani kando ya Ziwa Michigan, ulitumia maji ya asidi yaliyobaki viwandani baada ya kuoshea chuma; maji hayo yamejaa chuma kilichoyeyuka, na viwanda vilikuwa na shida ya pa kuyapeleka. Taka ya kiwanda cha chuma ikawa dawa ya taka ya sabuni. Sambamba na hilo Kanada na majimbo ya Marekani yalibana kiasi cha fosfati ndani ya sabuni yenyewe. Umoja wa Ulaya ulifika huko baadaye: kuanzia tarehe 30 Juni 2013 sabuni ya kufulia ya nyumbani hairuhusiwi kuzidi nusu gramu ya fosforasi kwa mfuo mmoja wa kawaida. Kwa maoni yangu kubana pakiti ni bora kuliko kutibu bomba, lakini hakumalizi kazi, kwa sababu mwili wa binadamu mmoja hutoa gramu moja hadi mbili za fosforasi kila siku bila sabuni yoyote.

Kwa sefaktanti hadithi si nyepesi hivyo. LAS ina kichwa hasi, kwa hiyo alumini na chuma huivuta, na sehemu yake hushikamana na mabonge. Lakini ikiwa nyingi, hugeuza kibao: huzivika chembe za uchafu koti la chaji hasi na kuzizuia zisishikamane. Kwa maji ya dobi yaliyokolea sabuni, shabu kidogo inaweza isionyeshe chochote, kisha ukiongeza kidogo tu maji yakakatika ghafla. Fundi asiyelijua hili ataamini dawa yake ni mbovu.

Watafiti wameligeuza tatizo hilo kuwa mbinu. Sefaktanti zikizidi kiwango fulani hujikusanya kuwa vifurushi, mikia ndani na vichwa nje. Uso wa kifurushi una chaji hasi nyingi mahali pamoja, na ioni za alumini au chuma cha chaji tatu hujazana juu yake mpaka chaji inakufa, vifurushi vinagandana na kuanguka. Uzuri ni kwamba vichafuzi vingine, kama baadhi ya viuagugu na fenoli, hushikwa na vifurushi hivyo na kuanguka navyo. Maji taka yenye sabuni nyingi yanaweza kusaidia kujisafisha, mradi sabuni iwe ya kichwa hasi.

Sharti hilo lisisahaulike. Sabuni nyingi za maji, za vyombo na za kufulia, zina pia sefaktanti zisizo na chaji kabisa, na vilainisha nguo vina zile zenye chaji chanya. Ioni ya metali haina cha kushika hapo. Zisizo na chaji huenda na mabonge kwa bahati tu, na zenye chaji chanya husukumwa na metali. Anayeuza mtambo akikuambia dawa yake ya alumini inatoa "sabuni zote", mwulize sabuni gani.

Kwa hizo ngumu kuna matumizi mengine ya chuma, ambayo hayashiki bali yanavunja. Mwaka 1894 Henry John Horstman Fenton wa Cambridge aliandika kuhusu mmenyuko wa chuma cha chaji mbili na haidrojeni peroksidi. Leo tunajua kwamba mmenyuko huo huzalisha radikali za haidroksili, vipande vya molekuli vyenye ukali mkubwa, vinavyokatakata mikia ya sefaktanti bila kujali chaji ya kichwa. Inafanya kazi. Lakini inataka maji yenye pH karibu na 3, yaani uyatie asidi kwanza, kisha uyarudishe, na peroksidi yenyewe ni ghali na hatari kuihifadhi kwenye joto letu. Kwa kiwanda cha nguo inaweza kufaa. Kwa dobi wa mtaani siioni.

Njia ya umeme iko karibu zaidi na uwezo wetu. Badala ya kununua shabu, unazamisha mabamba ya alumini au chuma kwenye maji na kupitisha umeme wa mkondo mmoja, hata wa paneli ya jua. Bamba linayeyuka polepole na kutoa ioni zake: ampea moja kwa saa moja huyeyusha theluthi ya gramu ya alumini, au gramu moja ya chuma na ushee. Kwenye bamba la pili hutoka vipovu vya haidrojeni vinavyopandisha mabonge juu, ukayaengua pamoja na povu. Hakuna asidi ya shabu, na maji hayaongezewi sulfati. Kasoro yake ni kwamba mabamba hujifunga utando na lazima yasuguliwe, na haidrojeni hutaka mahali penye hewa.

Ziwa Victoria linatulazimisha kufikiri zaidi ya glasi. Ufuaji na uoshaji wa magari ufukweni Kisumu, na majitaka ya Mwanza na Kampala, vyote huishia humo, na ghuba zake hupata mwani wa mara kwa mara na gugu maji. Ingekuwa rahisi kusema tumwage chuma ziwani. Tatizo liligunduliwa zamani. Mwaka 1941 na 1942 Clifford Mortimer, akichunguza maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, alieleza jinsi chuma kinavyoachia fosfati pale tope la chini linapokosa oksijeni: chuma cha chaji tatu hurudi kuwa cha chaji mbili, kinayeyuka, na mzigo wake unarudi majini. Maji ya kina ya Ziwa Victoria hukosa oksijeni kwa majira. Alumini haina udhaifu huo, wala lanthanamu, metali adimu ambayo Waaustralia waliifungasha kwenye udongo wa bentonaiti ili kutibu maziwa madogo. Kwa ziwa la kilomita za mraba 68,000 hizo zote ni ndoto. Metali zina maana mahali maji yanapopita kwenye bomba au mfereji, kabla hayajafika ziwani.

Na hata hapo hazigusi kinachotoka mashambani. Erie ilipona, kisha ikaugua tena kwa fosforasi ya mbolea inayoshuka na Mto Maumee unaoingia humo. Agosti 2014 watu wanaokaribia laki tano wa Toledo, mji wa Marekani kando ya ziwa hilo, na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani. Kwa Ziwa Victoria pia sehemu kubwa ya fosforasi hutoka kwenye udongo unaomomonyoka na hata vumbi na moshi vinavyoshuka kutoka angani.

Metali zenyewe nazo ni za kuheshimiwa. Tarehe 6 Julai 1988, karibu na Camelford, Uingereza, tani 20 za alumini sulfati zilimwagwa kwenye tangi lisilo lake na kuingia kwenye maji ya kunywa ya watu wapatao 20,000. Kwa mitambo mikubwa ya maji ya kunywa, alumini inayobaki inatakiwa isizidi miligramu 0.1 kwa lita.

Tuseme una hoteli ndogo yenye dobi, na maji yake yana miligramu 10 za fosforasi kwa lita. Kwa lita 1,000 hiyo ni gramu 10. Hesabu ya karatasini inadai gramu 8.7 za alumini, lakini kwa kuwa nyingine huishia kuwa mabonge, piga mara mbili: gramu 17 na ushee. Kwa alumini sulfati ya kiwandani hiyo ni takriban gramu 190. Kwa shabu ya vipande, ambayo kwa kawaida ni ya potasiamu na ina alumini pungufu, ni kama gramu 300. Koroga kwa kasi dakika moja, kisha taratibu dakika ishirini, acha yatue. Anza na ndoo moja kabla ya tangi, maana kila sabuni ina tabia yake, na pima pH kabla na baada.

Chini ya tangi utakuta tope. Kwa mfano huu, alumini fosfati na haidroksidi zikikaushwa ni kama gramu 65, bila uchafu uliokamatwa. Likiwa bichi ni tope jepesi la lita tatu hadi sita, asilimia 98 au 99 ni maji. Ukilirudisha mferejini umefanya kazi bure. Lianikwe juu ya kitanda cha mchanga, maji yachuje, likikauka likusanywe. Mitambo mikubwa inayotumia chuma imeanza kulitazama tope hilo kama ghala: kwenye tope lisilo na oksijeni chuma na fosfati huunda madini ya vivianaiti, ambayo huvutwa na sumaku kali, na Uholanzi wamejaribu kuyavuna kwa njia hiyo. Anayetaka fosforasi yake imrudie ana sababu ya kuchagua chuma. Anayetaka ikae chini isirudi majini, hata oksijeni ikiisha, achague alumini.